Bashō na Mwiko wa Yudono

Mwaka 1689 mshairi wa Kijapani, Matsuo Bashō, aliondoka Edo, mji ambao leo ni Tokyo, akashika njia ya kaskazini kwa miguu pamoja na mwanafunzi wake Sora. Safari hiyo ya miezi mitano hivi ndiyo iliyozaa kitabu cha Oku no Hosomichi, kilichochapwa mwaka 1702, miaka minane baada ya mwandishi kufariki. Humo mna magofu, mito, mvua, hata viroboto. Ila pako mahali pamoja alipofika na asipaeleze.

Katika jimbo la kale la Dewa imo milima mitatu mitakatifu: Haguro, Gassan na Yudono. Kwa mahujaji wake, wa kwanza ni mlima wa maisha haya, wa pili ni wa mauti, na wa tatu ni wa kuzaliwa upya. Bashō aliupanda Gassan, wenye urefu wa mita 1,984, akiwa na kamba ya karatasi shingoni na kitambaa cheupe kichwani. Majira yalikuwa ya joto, lakini huko juu alikanyaga barafu na theluji katikati ya mawingu, pumzi zikimwishia na mwili ukimganda. Alifika kileleni jua likichwa, akalala juu ya majani ya mianzi. Kulipopambazuka akaanza kuteremkia Yudono. Njiani aliuona mti mdogo wa sakura, matumba yake yakifunguka ndani ya theluji, naye akausimulia.

Alipofika kwenye habari za Yudono, akaacha kuandika. Sheria ya mahujaji ilikataza kuyatoa nje yaliyomo mlimani humo, naye akasema waziwazi kwamba kwa sababu hiyo anaweka kalamu chini.

Je, tumwamini? Shajara ya Sora, iliyochapishwa mwaka 1943, inaonyesha kwamba Bashō hakuwa mtumwa wa tarehe. Kitabu chasema Gassan ulipandwa siku ya nane ya mwezi wa sita. Shajara yasema siku ya sita. Basi mtu huyu aliyejipa ruhusa ya kusogeza siku kwa ajili ya sanaa yake, hakujipa ruhusa ya kuvunja mwiko wa wenyeji wake. Sora naye aliandika kwamba fedha iliyoingizwa humo hairudi na mwenyewe, na kilichoanguka hakiokotwi.

Baadaye, kwa ombi la kuhani mwenyeji wao, Bashō aliandika shairi moja kwa kila mlima. Lile la Yudono lahusu kutoweza kusema. Haiku ina mizani 17, mmoja tu zaidi ya mshororo wa shairi letu la mizani 16. Nafasi ni finyu, naye aliitumia kuitunza siri.

Leo mahujaji wa Yudono bado huvua viatu, na kupiga picha ni marufuku. Vitabu vya watalii, hata hivyo, hueleza kilichoko humo. Mfasiri naye hushawishika kukitia katika maelezo ya chini ya ukurasa, ili msomaji asipotee. Lakini akifanya hivyo atakuwa amefasiri maneno ya Bashō na kuivunja ahadi yake. Mimi naona heri msomaji abaki mlangoni, pale mshairi mwenyewe alipomwacha.