Jiko Lilipoingia Ndani

Historia ya Dar es Salaam imo pia uani, nyuma ya nyumba. Nyumba ya Kiswahili iliyoenea Magomeni, Kinondoni na Temeke baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa na mpango wake: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye jiko, choo na bafu. Jiko halikuwekwa kule kwa bahati. Moshi ulikuwa na pake, na watu walikuwa na pao.

Kisha wenye nyumba wakaanza kupangisha chumba kimoja kimoja. Familia sita, ua mmoja. Kila mama akawa na jiko lake la bati mlangoni pake, kwani sufuria iliyoachwa uani huota miguu. Masika yakinyesha, jiko liliingia ukumbini. Usiku likaingia chumbani.

Wakati huohuo nyumba yenyewe ilibadilika. Makuti na udongo vilipitisha hewa. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda vingi vya namna hiyo na kujenga nyumba za matofali na bati. Siyalilii makuti, yalivuja na kushika moto. Lakini chumba cha matofali chenye dari, dirisha likifungwa kwa kuogopa mbu na wezi, ni kama chungu kilichofunikwa.

Kuni nazo ziliachia nafasi mkaa. Moshi wa kuni huwasha macho, mtu akatoka nje akikohoa. Mkaa uliokolea hauna moshi wala harufu ya kumshtua mtu, nao hutoa kaboni monoksaidi, hewa inayong'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Huko Uingereza, katika miaka ya 1890, mwanasayansi John Scott Haldane alichunguza vifo vya wachimba makaa ya mawe, akashauri washuke mgodini na ndege wadogo au panya, ambao hulegea kabla ya binadamu. Chumba cha kupanga hakina ndege huyo. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulala, na asubuhi majirani huvunja mlango. Hapo ndipo hutajwa jinamizi au mkono wa mtu, na jiko limekaa palepale chini ya kitanda.

Serikali ilipiga marufuku mkaa mwaka 2006, na marufuku ile haikudumu. Mwaka 2024 ulitolewa mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni jambo jema, ila masika hayangoji 2034. Jiko bora la udongo nalo hupunguza mkaa, halifuti sumu. Wapo wanaofukia makaa kwa majivu wakidhani wameyazima. Hayajazimika, yanaungua polepole kwa upungufu wa hewa, na huko ndiko kaboni monoksaidi inakozaliwa. Jiko litolewe nje lingali na moto, kabla taa haijazimwa.