Homa Bado Si Malaria

Mtaani Mapendo, Goma, mtu akiamka mwili unachemka husema, "Niko na malaria." Damu haijapimwa, jina limekwisha kutolewa. Homa, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni dalili. Malaria, lililozaliwa Italia kwa maana ya hewa mbaya, ni ugonjwa mmoja tu kati ya mengi yanayoleta dalili hiyo. Mgeni kammeza mwenyeji.

Maabara nayo ina kichekesho chake. Kipimo cha hadubini hujulikana kwa Kifaransa kama goutte épaisse. Sikio la Mswahili linasikia "epesi", kumbe épaisse ni nene! Tuseme tone nene, na kazi itajieleza: damu huachwa nzito kiooni ili hata vimelea vichache vionekane.

Visipoonekana, mgonjwa huambiwa "hakuna kitu". Kauli mbovu hiyo, maana homa ipo. Napendekeza homa tata: tata ni fundo, na fundo hufunguliwa. "Homa isiyojulikana" inafunga faili mapema mno.

Mbu mwenyewe ana magonjwa mengine, na hapa Afrika Mashariki haikuomba majina kwa mtu. Chikungunya ni la Wamakonde, kutoka mlipuko wa 1952 huko Newala: maumivu ya viungo humpinda mgonjwa. O'nyong'nyong ni la Waacholi wa Uganda, 1959. Dengi, je? Kamusi zinalo kidingapopo, nasi twaliacha livunde. Mimi nalichagua hilo.

Kwa wadudu wadogo lugha ni tajiri, ila waandishi wavivu huwaita wote kupe. Kupe hung'ang'ania ng'ombe. Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, na homa yake ndiyo iliyomuua mtafiti Joseph Dutton mjini Kasongo, Maniema, mwaka 1905. Utitiri ni mdogo zaidi. Wafuga kuku wanamjua. Yupo pia utitiri wa vichakani, ambaye lava wake huuma watu na mara nyingi kuacha kigaga cheusi. Vitabu vya tiba vimeuita ugonjwa wake tifasi ya vichaka, kana kwamba kichaka ndicho kilichouma. Homa ya utitiri yatosha, sambamba na homa ya papasi.

Basi, muuguzi na mtangazaji wa redio, andikeni homa hadi kipimo kiseme. Malaria lisubiri zamu yake.