Uhusiano wa Tanzania na Msumbiji: Diplomasia na Biashara Kuvuka Ruvuma

Tanzania na Msumbiji ni nchi jirani zinazotenganishwa na Mto Ruvuma kwa sehemu kubwa ya mpaka wao. Upande wa kaskazini iko mikoa ya Mtwara na Ruvuma. Upande wa kusini yako majimbo ya Cabo Delgado na Niassa. Uhusiano rasmi wa kidiplomasia ulianza Msumbiji ilipojitawala tarehe 25 Juni 1975, lakini ujirani wenyewe ni wa kale kuliko dola zote mbili. Makala haya yanaeleza chimbuko la uhusiano huo, vyombo vinavyouendesha na hali ya biashara, yakiutazama kutoka kusini mwa Tanzania: Masasi, Newala na kata kama Chiungutwa, ambako Msumbiji ni ng'ambo ya mto tu.

Watu na mpaka

Wamakonde, Wamakua na Wayao wanaishi pande zote mbili za Ruvuma. Wamakonde wana nyanda za juu mbili zinazotazamana: ya Newala na Tandahimba kwa upande wa Tanzania, na ya Mueda kwa upande wa Msumbiji. Mtu akisimama Newala kwenye genge linaloitwa Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma likiwa limetandazwa chini yake, na nchi ya pili ikianzia baada ya mto.

Mpaka huo uliwekwa na wakoloni. Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Ruvuma igawe makoloni yao, na wenyeji hawakuulizwa. Wajerumani walitwaa eneo la Kionga, kusini mwa mlango wa mto, mwaka 1894; Wareno walilitwaa tena mwaka 1916 na wakakabidhiwa rasmi kwa Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapahapa. Mwaka 1916 Wareno waliiteka Newala kisha wakafurushwa, na Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilivuka mto na kuwapiga Wareno huko Negomano.

Watu hawakuacha kuvuka. Wamakonde wengi kutoka Msumbiji walihamia Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakikimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno. Vyama vyao vya kusaidiana vilivyoanzia mashambani humo na mijini vilikuja kuzaa siasa ya ukombozi.

Enzi ya ukombozi, 1960 hadi 1975

Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika Mueda. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vya wazalendo, UDENAMO, MANU na UNAMI, viliungana Dar es Salaam na kuunda chama cha ukombozi cha FRELIMO chini ya Eduardo Mondlane. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliweka makao ya Kamati ya Ukombozi katika jiji hilohilo.

Wapiganaji walifunzwa Kongwa na baadaye Nachingwea, na watoto wa wakimbizi walisomeshwa Tunduru na Bagamoyo. Vita vya silaha vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Mtwara ikawa njia ya silaha, chakula na majeruhi, na vijiji vya mpakani vya Tanzania vikaishi chini ya tishio la ndege na mabomu ya Wareno. Mondlane aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, na uongozi wa FRELIMO ukaishia mikononi mwa Samora Machel. Mwezi Mei 1975, uhuru ulipokaribia, Machel alivuka kutoka Tanzania na kuanza safari yake ya ushindi kutoka Ruvuma hadi Maputo.

Gharama ya Tanzania kwa jirani yake haikuishia 1975. Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, alipofariki katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986, Msumbiji ilikuwa imeelemewa na vita vya waasi wa RENAMO, na Tanzania ikapeleka askari wake kuisaidia hadi mwaka 1988. Askari wa Tanzania waliopoteza maisha kwa ajili ya ukombozi wa Msumbiji wamezikwa Naliendele, Mtwara.

Vyombo vya diplomasia

Msingi wa uhusiano wa leo ni viongozi waliofahamiana kabla ya kushika madaraka. Joaquim Chissano, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, aliishi Dar es Salaam miaka ya mapambano, na Julai 2004 aliwashangaza viongozi wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa alipowahutubia kwa Kiswahili. Rais mwingine wa zamani wa Msumbiji, Filipe Nyusi, Mmakonde wa Mueda, alisoma shule ya FRELIMO Tunduru akiwa mtoto wa mkimbizi. Barabara ya Samora katikati ya Dar es Salaam na Avenida Julius Nyerere ya Maputo zinatunza kumbukumbu hiyo.

Kila nchi ina ubalozi katika nchi ya mwenzake, na Tume ya Pamoja ya Kudumu ya Ushirikiano huwakutanisha mawaziri na wataalamu. Mpaka wa baharini uliafikiwa kwa mkataba wa mwaka 1988, na mwaka 2011 Komoro ikaongezwa katika makubaliano ya nchi tatu, bila ugomvi wala kesi. Raia wa pande zote mbili hawahitaji viza kwa ziara fupi.

Kikanda, nchi hizi zilishiriki kuasisi SADCC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mwaka 1980, ambayo mwaka 1992 iligeuka kuwa SADC. Zote zilijitoa katika soko la pamoja la COMESA, Msumbiji mwaka 1997 na Tanzania mwaka 2000. Kwa kuwa Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, SADC ndiyo meza yao kuu ya biashara. Mwaka 2019 jumuiya hiyo ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, hatua yenye maana kwa Cabo Delgado, ambako wengi hukizungumza.

Biashara

Daraja la Umoja ndilo kiungo kikubwa cha nchi kavu. Linaunganisha Mtambaswala, wilaya ya Nanyumbu, na Negomano, lina urefu wa mita 720, na lilijengwa kwa fedha za serikali zote mbili. Wazo lake lilitoka kwa marais Julius Nyerere wa Tanzania na Machel. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005 na marais Benjamin Mkapa wa Tanzania na Armando Guebuza wa Msumbiji, na tarehe 12 Mei 2010 Guebuza na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania walilifungua. Karibu na bahari pana kituo kingine cha kuvukia, Kilambo, na katikati ya vituo hivyo wanavijiji hutumia mitumbwi.

Kisheria njia iko wazi. Eneo huru la biashara la SADC lilizinduliwa mwaka 2008, na bidhaa yenye cheti cha uasili huvuka kwa unafuu wa ushuru. Katika hali halisi, biashara ya mpakani ni ya mizigo midogo. Bidhaa za dukani kama sabuni, mafuta ya kula na vitenge huenda ng'ambo, na samaki wakavu na mazao hurudi, mengi bila kuingia katika vitabu vya forodha.

Tatizo la kwanza ni barabara. Tanzania iliweka lami kutoka Mangaka hadi Mtambaswala, lakini barabara ya Negomano hadi Mueda ni ndefu zaidi na ilibaki ya vumbi miaka mingi baada ya daraja kufunguliwa. Pili ni lugha na karatasi: mchuuzi wa Masasi anayejua Kiswahili na Kimakua anakutana na fomu za Kireno na sarafu ya metikali. Tatu, nchi hizi zinauza vitu vinavyofanana, na hapo ndipo Chiungutwa inapoguswa hasa.

Korosho na mbaazi: majirani wanaoshindania mnunuzi mmoja

Mkulima wa Masasi au Newala akishavuna korosho huzianika, huzichambua na kuzipeleka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Pale hupimwa, hupangwa daraja na kuandikiwa stakabadhi, kisha husafirishwa hadi ghala kuu na kupigwa mnada chini ya vyama vikuu, MAMCU kwa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza mwaka 2007 ili kumkinga mkulima na walanguzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho nje ya mfumo rasmi. Sehemu kubwa ya korosho hizo husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam.

Ng'ambo ya mto zao ni hilohilo na wanunuzi ni walewale. Mapema miaka ya 1970 Msumbiji ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa korosho duniani. Vita viliiangusha, na masharti ya Benki ya Dunia ya miaka ya 1990 ya kufungua usafirishaji wa korosho ghafi yakafunga viwanda vya kubangua na kuwaacha maelfu bila kazi. Masasi na Newala nazo zilishuhudia viwanda vya kubangua vikisimama. Nchi zote mbili hutoza ushuru korosho ghafi zinazokwenda nje, lakini kila moja kwa kiwango na utaratibu wake. Bei ikipishana, magunia hutafuta njia ya usiku.

Mbaazi zinatoa somo kali zaidi. Julai 2016 Msumbiji ilitia saini makubaliano na India ya kuuza kiasi maalumu cha mbaazi kila mwaka, kikipanda hadi tani 200,000. Agosti 2017 India iliwekea mipaka uagizaji wa mbaazi. Msumbiji ikaendelea kuuza kwa mgawo wake, na kwa mkulima wa kusini mwa Tanzania bei ikaporomoka. Ardhi ni moja na mvua ni moja. Kilichowatofautisha ni saini ya kidiplomasia.

Misuguano na usalama

Undugu haukuzuia misuguano. Mwanzoni mwa 2017 Watanzania wengi walifukuzwa kutoka machimbo ya rubi ya Montepuez na kurudi Mtwara mikono mitupu. Tarehe 5 Oktoba 2017 wanamgambo waliishambulia Mocímboa da Praia, na vita vya Cabo Delgado vikaanza. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilishambuliwa, na mwezi uliofuata wakuu wa polisi wa nchi hizi walikubaliana kushirikiana. Tanzania ilichangia askari katika kikosi cha SADC kilichokuwa Msumbiji kati ya 2021 na 2024. Shambulio la Palma la Machi 2021 lilisimamisha mradi mkubwa wa gesi wa Afungi, na pamoja nao matumaini ya wafanyabiashara wa Mtwara waliotarajia kuuhudumia.

Tathmini

Kwa zaidi ya miaka 60 nchi hizi zimeshirikiana vizuri zaidi katika vita kuliko katika soko. Zilipolazimika kupigana zilikuwa kitu kimoja. Zinapokaa mbele ya mnunuzi wa korosho au mbaazi kila moja huenda kivyake. Hilo linarekebishika. Barabara ya Negomano hadi Mueda iwe ya lami yote, mchuuzi mdogo apewe fomu fupi kwa Kiswahili na Kireno, viwango vya ushuru wa korosho ghafi vilinganishwe, na wajumbe wa nchi hizi mbili waende New Delhi na Hanoi wakiwa na msimamo mmoja. Wakulima wa Chiungutwa na wa Mueda wamekwisha kulipa gharama ya ujirani huu. Sasa serikali zao ziwape faida yake.