Superdome, uwanja wa mpira uliolaza wahamaji

Leo twende New Orleans, Marekani. Superdome ilifunguliwa mwaka 1975, nyumbani kwa timu ya Saints. Ni ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mikononi. Paa lake la duara lina upana wa mita zaidi ya 200, bila nguzo katikati.

Tarehe 29 mwezi wa nane 2005, tufani Katrina ilipiga mji. Watu zaidi ya 20,000 walikimbilia humo. Upepo ukararua paa, mvua ikaingia, umeme ukakatika, vyoo vikafurika. Muliolala darasani munajua hali hiyo. Mabasi yalichelewa siku kadhaa, na hiyo ni inchi tajiri! Wengi walipelekwa Houston, wakalazwa tena uwanjani: Astrodome, wenye paa vilevile, wa mwaka 1965.

Tarehe 25 mwezi wa tisa 2006 Saints walirudi Superdome, wakapiga Atlanta Falcons 23 kwa 3. Mji ulishangilia. Lakini paa hilo lilitengenezwa kabla ya nyumba nyingi za mtaa wa Lower Ninth Ward, na familia nyingi hazikurudi.