Mwendo wa Jogoo

Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, huko Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Miaka kumi baadaye madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1996 akauinua mwenge wa Olimpiki Atlanta, mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima. Tangu siku ile, hata huku Mashamba, jimboni Lualaba, ukitaja Parkinson watu wanakutikisia mkono. Uso wake uliokuwa umetulia kama wa sanamu, yeye aliyekuwa haishiwi maneno wala mzaha, ni wachache waliougundua.

Kosa hilo la kuutazama mtetemo tu ni la zamani. James Parkinson, daktari wa mtaa wa Hoxton, London, aliandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1817 kwa kuwatazama watu sita tu. Wawili alikutana nao njiani, na mmoja alimwona kwa mbali. Kipimo chake kilikuwa macho. Aliona mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, mgongo ulioinama, miguu inayokwenda mbio mbio kana kwamba inamfukuza mwenyewe. Lakini aliuita kupooza kwa kutetemeka. Miongo kadhaa baadaye, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, Jean-Martin Charcot alikataa: hawa nguvu wanazo, na wengine hawatetemeki hata kidogo. Kinachowashika ni ukakamavu wa viungo na uzito wa kila tendo. Charcot ndiye aliyetaka ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson.

Basi anayetetemeka anaponyanyua kikombe cha chai huenda ana jambo jingine kabisa. Mtazame mzee ambaye mkono mmoja umeacha kupunga anapotembea, mwandiko wake umekuwa mdogo kama wa chungu, vifungo vya shati vinamchukua robo saa. Mara nyingi huanza upande mmoja wa mwili. Pua yaweza kupoteza harufu, na choo kuwa kigumu, miaka mingi kabla ya hayo yote. Nyumbani tunasema ni uzee. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, kati ya watu 161,071 waliwapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana nini.

Sisi wa Lualaba tuna sababu ya ziada ya kutazama. Mwaka 1837, huko Glasgow, James Couper alieleza habari za vibarua waliosaga madini ya manganizi kiwandani: miguu imelegea, sauti imefifia, mate yanatiririka, na hawatetemeki. Karne iliyofuata, katika migodi ya Chile, wachimbaji walijua kwamba mwenzao akianza kucheka na kulia bila sababu, ni wazimu wa manganizi. Baadaye hutembea kwa vidole vya miguu, viwiko vimekunjwa, kama jogoo. Akijaribu kurudi nyuma, anaanguka.

Manganizi tunayo. Kisenge, upande wa Dilolo, ilichimbwa na Bécéka-Manganèse, na mawe yakapanda treni ya Benguela hadi bandari ya Lobito, mpaka vita vya Angola vilipoifunga njia hiyo mwaka 1975. Jiwe lenyewe mkononi halina neno. Vumbi lake ndilo baya, la kutoboa na kusaga, likivutwa pumzi mwaka baada ya mwaka.

Daktari George Cotzias aliwafuata wachimbaji wale wa Chile akitafuta manganizi inafanya nini ubongoni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yeye na wenzake walionyesha kwamba levodopa, ikitolewa kwa wingi na kuongezwa polepole, humwinua mgonjwa wa Parkinson. (Dawa hiyo imo hata katika mbegu za upupu, huu huu unaotuwasha porini, lakini asiyejua kipimo asijaribu.) Aliyeumizwa na manganizi, levodopa mara nyingi haimsaidii sana, na kwake pande zote mbili za mwili huanza kuharibika pamoja. Ndiyo maana kabla ya kuandika dawa yoyote, daktari wa huku angeanza na swali ambalo hakuna mashine inayoliuliza: "Baba, ulitumikaka wapi?"