Kosa, Hitilafu na Toleo: Historia ya Zana ya Kutafutia Makosa ya Programu, na ya Kutangazwa kwa Matoleo Yake

Katika mwezi wa Novemba mwaka wa 1857 msafara wa Richard Burton na John Speke uliingia Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, karibu na mahali ambapo sasa pana mji wa Tabora. Ulaya wakati huo palikuwa na ramani mashuhuri ya bara, iliyochorwa na wamisionari Erhardt na Rebmann na kutangazwa London mwaka uliotangulia. Wamisionari hao walikuwa wamewauliza watu wa misafara waliotoka sehemu mbalimbali za pwani, na kila mmoja alijibu ya kuwa mwisho wa njia yake ni maji makuu. Basi wakayaunganisha maji hayo yote, wakachora bahari moja kubwa mno katikati ya Afrika. Wasafiri wawili hao walipomwonyesha ramani hiyo Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu aliyekaa Kazeh, aliwaeleza kwamba maji hayo si mamoja: Nyasa ni mbali, ziwa la Ujiji ni mbali, na ziwa la Ukerewe ni mbali.

Katika kisa hicho hapana shahidi aliyesema uongo. Kila mtu wa msafara alisema kweli juu ya njia yake. Kosa liliingia pale maneno yao yalipounganishwa. Tena kosa lenyewe lilionekana Unyanyembe, lakini ramani iliyokuwa mikononi mwa wasomaji London haikubadilika siku hiyo. Ilibaki ikifundisha bahari isiyokuwapo, mpaka habari mpya zilipochapishwa, na masimulizi marefu ya Burton yalitoka katika jarida la chama cha jiografia cha London mwaka wa 1859. Kwa hiyo kazi ya kusahihisha ina sehemu mbili: kuliona kosa, na kuirekebisha habari iliyokwisha tangazwa. Sehemu ya pili haisifiwi sana, na aghalabu huachwa. Historia ya zana za kutafutia makosa katika programu za kompyuta yaonyesha jambo hilo hilo, na yaligusa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa.

Inafaa kuanza na maneno. Mafundi wa Kiingereza huliita kosa la mashine kwa neno lenye maana ya mdudu, na zana ya kuliondolea wameipa jina la kutoa wadudu. Matumizi hayo ni ya kale kuliko kompyuta, kwani Thomas Edison aliyatumia katika barua yake ya mwaka wa 1878. Mnamo tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa mashine iliyoitwa Mark II, katika Chuo Kikuu cha Harvard, walimkuta nondo amenaswa ndani ya swichi mojawapo. Wakambandika katika daftari ya kazi na kuandika kwa mzaha kwamba hatimaye mdudu wa kweli amepatikana. Husemwa mara nyingi kwamba hapo ndipo jina lilipozaliwa. Sivyo, mzaha wenyewe usingekuwa na maana kama jina halikuwa likijulikana tangu zamani.

Kiswahili hakikuhitaji mdudu. Kina kosa, ambalo asili yake ni kukosa shabaha. Kina kasoro, yaani upungufu, kama isemwavyo saa nne kasoro dakika tano. Na kina hitilafu, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kutofautiana. Kwa jambo linalozungumzwa hapa, hitilafu ndilo neno lililo karibu zaidi na kiini. Programu iliyoharibika mara nyingi hutenda sawasawa yale iliyoandikiwa. Tatizo ni kwamba yaliyoandikwa yametofautiana na yaliyokusudiwa. Ama kazi ya kuondoa hitilafu hiyo, ipo tayari katika kitenzi kutatua. Uzi uliotatana hutatuliwa, na kiambishi cha -u- kinaonyesha kinyume cha tendo, kama katika kufunga na kufungua. Jina kitatuzi, basi, limejengwa kwa kanuni za lugha yenyewe, na linaeleza kazi kwa uaminifu kuliko jina la Kiingereza. Maana mdudu huingia kutoka nje, lakini uzi hutatizwa na mkono wa mtu.

Kwamba makosa hutoka katika mkono wa mtu ni jambo lililochelewa kutambuliwa. Kompyuta iliyoitwa EDSAC ilianza kazi Cambridge katika mwezi wa Mei 1949, na Maurice Wilkes, aliyeiongoza kazi hiyo, alisimulia baadaye jinsi alivyotambua mwaka huo huo kwamba sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki ingetumika kutafuta makosa katika programu zake mwenyewe. Mwenzake Stanley Gill alitoa makala mwaka wa 1951 juu ya kutambua makosa ya programu katika mashine hiyo. Alieleza njia mbili: ya kwanza, kuchapisha yaliyomo katika kumbukumbu ya mashine baada ya programu kushindwa, mfano wa kuchunguza maiti, ya pili, kuifanya programu iende chini ya ulinzi wa programu nyingine, amri moja baada ya moja, huku mwendo wake ukiandikwa. Zana zote zilizofuata zimetokana na njia hizo mbili.

Kufikia mwaka wa 1960 wanafunzi na walimu wa chuo cha MIT, Marekani, walikuwa na zana iliyoitwa FLIT kwa ajili ya mashine yao ya TX-0, na mwaka wa 1961 ikafuata nyingine iliyoitwa DDT kwa mashine ya PDP-1. Herufi hizo zilifupisha maneno ya kiufundi, lakini zilichaguliwa makusudi, kwa kuwa Flit na DDT ni majina ya dawa za kuulia wadudu. Zana hizo ziliwekwa juu ya utepe wa karatasi, na maelezo yake yalikuwa kurasa chache zilizopitishwa mkono kwa mkono. Mwenye kuuliza na mwenye kujibu walikaa katika jengo moja. Zana ilipobadilika, habari ilikwenda kwa mdomo, wala hapakuwa na haja ya kuitangaza.

Hali hiyo ilibadilika zana zilipoanza kusafiri. Katika miaka ya 1980 zana iitwayo dbx ilitoka Berkeley pamoja na mfumo wa Unix, na mwaka wa 1986 Richard Stallman akaandika GDB, kitatuzi cha mradi wa GNU ambao ulitangazwa mwaka wa 1983 kwa nia ya kutoa programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Kwa zana hiyo mtu huweka kituo mahali apendapo ndani ya programu; programu hufika hapo na kusimama kama msafara ufikapo kambini, na mizigo yote yaweza kufunguliwa na kuhesabiwa: thamani hii ni ngapi, amri ipi iliita ipi, na wapi hesabu ilipotea. Kisha huendeshwa tena hatua kwa hatua. Watumiaji wa GDB walienea ulimwenguni kote, na wengi wao hawakuwa na mtu wa kumwuliza. Kwao, zana na maelezo yake yalikuwa kitu kimoja.

Mtandao wa kurasa uliotoka CERN ulipofunguliwa kwa watu wote mwaka wa 1993, miradi kama hiyo ilipata mlango mpya wa kutolea habari, yaani tovuti. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ambayo hapo kabla haikuwa na jina: kuihuisha tovuti kila toleo jipya linapotoka. Watunzaji wa GDB waliiandika kazi hiyo kwa utaratibu, na utaratibu huo unastahili kuangaliwa. Kwanza tawi la toleo hutengwa na kazi inayoendelea. Namba huonyesha hali ya kila kitu: tarakimu 50 mwishoni ni alama ya kazi ambayo ingali jikoni, na 90 ni alama ya toleo la majaribio. Kisha faili ya habari, inayotaja kila jambo lililoongezwa na lililoondolewa tangu toleo lililotangulia, hupitiwa. Baada ya furushi la toleo kuwekwa mahali pa kupakuliwa, ukurasa wa mbele wa tovuti hubadilishwa ili utaje namba na tarehe mpya, tangazo huandikwa, ukurasa wa habari hurekebishwa, na kitabu cha maelezo hutolewa upya. Kitabu hicho huandikwa mara moja tu kwa utaratibu uitwao Texinfo, na kutoka katika maandishi hayo hayo hupatikana kitabu cha kuchapwa na kurasa za tovuti pia, ili viwili hivyo visije vikahitilafiana.

Utaratibu huo waweza kuonekana kuwa wa ukarani mtupu. Lakini toleo la 7.0, lililotoka katika mwezi wa Oktoba 2009, laonyesha uzito wake. Katika toleo hilo mtumiaji aliweza, kwa mashine kadhaa, kuirudisha programu nyuma kutoka mahali iliposhindwa hadi mahali kosa lilipoanzia, jambo ambalo matoleo yaliyotangulia hayakuliwezesha. Mtu aliyesoma maelezo ya zamani hakuwa na sababu yoyote ya kujaribu. Uwezo ulikuwamo ndani ya zana yake, naye asijue. Kinyume chake pia hutokea. Matoleo mapya huacha kuangalia mashine fulani za kale, na faili ya habari huzitaja. Ukurasa usiporekebishwa, mwenye mashine ya kale hulipia upakuaji wa furushi kubwa, halafu akaona halimfai. Hivyo zana iliyotengenezwa ili kuondoa makosa huwa yenyewe imeleta kosa jipya, kwa sababu ya ukurasa mmoja tu.

Ama katika Kiswahili, jambo hili lina uchungu wa namna ya pekee. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, uliokusudia kuzitia programu huria katika Kiswahili. Na katika mwezi wa Desemba mwaka huo ilitolewa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zenye amri na maelezo ya Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba lugha inaweza. Maneno kama faili, hifadhi na hariri yalikaa katika kioo cha kompyuta bila kusitasita. Lakini kazi ilijengwa juu ya matoleo ya 1.1, na toleo la 2.0 la Kiingereza likatoka katika mwezi wa Oktoba 2005, kabla mwaka haujatimia. Mwaka wa 2010 sehemu kubwa ya watengenezaji wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Kila mara chombo kilipohama, tafsiri ilibidi ihame nacho.

Namna tafsiri inavyopotea ni ya kimya kimya, na wataalamu wa lugha hawana budi kuifahamu. Programu za GNU hutumia utaratibu uitwao gettext, ambao katika huo kila sentensi ya Kiingereza huwekwa sambamba na tafsiri yake. Mwandishi wa programu akibadili sentensi yake, hata kwa neno moja, tafsiri ya zamani hutiwa alama ya mashaka, na tangu hapo haionyeshwi mpaka mfasiri aipitie. Mahali pake huonekana Kiingereza. Hapana mtu aliyekifuta Kiswahili, wala aliyeamua kukiacha. Toleo baada ya toleo, sentensi moja hapa na tatu pale, maneno hurudi katika lugha yalikotoka, kama shamba lisilopaliliwa lirudivyo kuwa pori.

Jambo hili si geni katika historia ya Kiswahili. Kitabu cha mafunzo cha Edward Steere kilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1870. Steere alifariki mwaka wa 1882, na A. C. Madan akakipitia na kukiongeza kwa toleo la mwaka wa 1884. Kamusi ya Madan ya mwaka wa 1903 nayo ikawa msingi wa kamusi sanifu iliyotolewa mwaka wa 1939 na Kamati ya Lugha chini ya Frederick Johnson. Vitabu hivyo viliishi kwa kuwa kila kimoja kilipata mtu wa kukipokea na kukisahihisha. Neno toleo lenyewe, lililohama kutoka katika uchapaji wa vitabu mpaka katika programu, limechukua sharti hilo pamoja nalo: kitu kilichotolewa mara moja kinadai kutolewa tena.

Mtu akitoka Tabora kwenda kusini, hufika Sikonge katika njia iendayo Mbeya. Kijana wa huko ajifunzaye kuandika programu kwa simu au kwa kompyuta ya shule hana Snay bin Amir wa kumwambia kwamba ramani aliyonayo ina kosa. Anao ukurasa tu. Ukiwa umerekebishwa, na ukiwa katika lugha aijuayo vyema, yeye na fundi wa Cambridge wako sawa. Ukiwa umeachwa, huifuata bahari isiyokuwapo, huku akidhani kosa ni lake. Sifa ya kutafsiri mara ya kwanza imekwisha chukuliwa, na waliostahili waliipata. Kinachodaiwa sasa na Kiswahili ni watu wa kupitia faili ya habari kila toleo litokapo, kuzitafuta sentensi zenye alama ya mashaka, na kuzirudishia maneno yake.