Francis Bebey hakungoja kustaafu

Sisi wanahabari tuna msemo wetu: nikistaafu, nitaandika riwaya. Mimi pia huwa nausema. Francis Bebey, mwanahabari mwenzetu kutoka Kameruni, mzaliwa wa Douala mwaka 1929, hakungoja. Riwaya yake, Le Fils d'Agatha Moudio, ilitoka 1967 akiwa bado mwajiriwa wa UNESCO, Paris, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo kubwa ya fasihi.

Mwaka 1974 akaacha kazi kabisa. Akawa anarekodi nyumbani: gitaa, kinanda cha umeme na sanza, ndugu wa ilimba ya Wagogo. Santuri akazitoa kwa lebo yake mwenyewe, Ozileka. Alifariki 2001, akiacha albamu zaidi ya 20 na vitabu kadhaa.

Mimi mshahara bado naingiziwa. Riwaya yangu, jamani, ina kurasa 11.